Meli ya Mediterania na marafiki: pangeni pesa kabla ya kupanga picha

Tangazo huwa fupi na tamu: usiku saba, kutoka Barcelona kupitia Ufaransa, Italia na Malta hadi Barcelona tena, chakula ndani, euro 800 kwa kila mtu. Mtu analirusha kwenye kikundi cha WhatsApp saa tatu usiku. Kufikia saa nne, watu sita wameshajibu "niko ndani". Kesho yake asubuhi kuna mmoja ameshachagua miwani ya jua.

Kile ambacho hakuna aliyeuliza bado ni hiki: pesa zitashikwa na nani? Na mmoja wenu akinyimwa viza wakati wengine watano wamepata, hasara ni ya nani?

Sisi hatuuzi tiketi za meli. Kazi yetu ni pesa kwenye simu yako. Lakini safari kama hii, kwa kundi la marafiki wa Kenya, ni shughuli ya bahari kwa wiki moja na shughuli ya kuchanga kwa mwaka mzima. Urafiki ukivunjika, mara nyingi huvunjika katika ule mwaka, si baharini. Kwa hivyo leo tunapitia pesa za safari hii hatua kwa hatua, kuanzia bei mpaka siku mnaposhuka melini.

Bei ya tangazo si bei ya safari

Euro 800 ni bei ya kitanda na chakula cha kawaida melini. Haijataja ndege, viza, bima, hoteli ya usiku wa kabla ya meli, wala kile mtakachotumia mkishuka bandarini. Vinywaji vingi melini hulipiwa kando, hata soda. Kampuni nyingi pia hutoza ada ya huduma kwa kila mtu kwa kila usiku. Ni ile bakshishi ya wahudumu, ila hapa inaingizwa moja kwa moja kwenye bili yako.

Tufanye hesabu ya mfano. Tumetumia shilingi 150 kwa euro moja ili iwe rahisi kufuatilia. Hizi ni tarakimu za kupangia tu. Bei zenu zitategemea mwezi, kampuni na siku mtakayonunua.

- Chumba melini, kwa mtu mmoja: 120,000
- Ndege, kwenda na kurudi: 110,000
- Viza, ada ya kituo cha maombi na karatasi: 18,000
- Bima ya safari: 6,000
- Hoteli usiku mmoja kabla ya kupanda meli: 9,400
- Ada ya huduma melini, euro 12 kwa usiku, usiku saba: 12,600
- Matumizi bandarini na vinywaji: 45,000
- Mfuko wa dharura wa kikundi: 15,000

Jumla ni shilingi 336,000 kwa mtu mmoja. Tangazo lilisema 120,000. Hiyo ni karibu mara tatu, na hakuna anasa tuliyoongeza hapo.

Hiyo hoteli ya usiku mmoja msiifute ili kupunguza gharama. Safari ya ndege kutoka Nairobi hadi Barcelona kwa kawaida ina kubadilisha ndege njiani. Ndege ya kwanza ikichelewa na mkakosa ya pili, meli haiwasubiri. Fikeni jana yake.

Sasa gawanya. Shilingi 336,000 kwa miezi 14 ni shilingi 24,000 kila mwezi. Kwa miezi 12 ni 28,000. Hii ndiyo namba ya kuweka kwenye kikundi, si ile ya tangazo. Mtu akiiona akasema "wacha mimi nipite mwaka huu", msimseme vibaya. Amewasaidia. Anayetoka mapema hagharimu mtu chochote.

Kuna jambo moja zaidi: mnachanga kwa shilingi, lakini mnalipa kwa euro au dola. Mnamo Januari 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na miezi michache baadaye ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Safari hiyo ilikuwa nzuri kwetu, lakini inaweza kwenda upande ule mwingine. Ndiyo maana tunashauri bajeti iwe na nafasi ya kupumua, na kila malipo makubwa yafanywe siku yake ikifika badala ya kusubiri "labda euro itashuka".

Someni jina la bandari, si jina la mji

Meli kubwa haifiki kila mahali inapoandikwa. Tangazo likisema Roma, bandari ni Civitavecchia, kama kilomita 70 hivi kutoka Roma, treni ya karibu saa moja. Likisema Florence, meli inatia nanga Livorno au La Spezia, na kutoka huko bado kuna safari ya nchi kavu. Athens ni nafuu, kwa sababu bandari ya Piraeus iko karibu na mji na treni ya mjini inafika.

Venice ndiyo ya kuangalia zaidi. Tangu Agosti 2021 Italia imezuia meli kubwa kupita katikati ya mji huo. Safari nyingi zinazouzwa kwa jina la Venice sasa huanzia kwingine, kama Ravenna au Trieste. Mkinunua ndege ya Venice bila kusoma hilo, mmejinunulia na safari ya basi au treni ambayo haikuwa kwenye bajeti.

Visiwani kuna gharama zake pia. Ugiriki ilianza mwaka 2025 kutoza abiria wa meli za kitalii ada ya euro 20 wanaposhuka Santorini au Mykonos msimu wa kiangazi. Santorini yenyewe meli kubwa husimama majini, abiria wakashushwa kwa mashua ndogo, halafu kuna kupanda mpaka mji wa Fira kule juu ya jabali: kwa gari la kamba, au kwa ngazi zaidi ya 500. Nauli ya gari la kamba ni pesa nyingine.

Si lazima haya yawakatishe tamaa. Kuna sababu watu wanapenda Mediterania. Kwa wiki moja unalala kitanda kimoja, na kila asubuhi dirisha linaonyesha nchi nyingine. Kutoka Naples unaenda kutembea katika mitaa ya Pompeii, mji uliofukiwa na jivu la mlima Vesuvius mwaka 79. Barcelona unaona kanisa la Sagrada Família, ambalo ujenzi wake ulianza 1882. Ukiingia Valletta kwa meli, kuta za mawe za mji zinasimama pande zote za bandari. Mtu aliyepanga pesa zake anaviona vitu hivi. Yule ambaye hajapanga anaona bili.

Pesa za kikundi zikae wapi?

Watu sita mara 336,000 ni shilingi 2,016,000. Hizo ni pesa za kiwanja.

Kawaida yetu tunasema, "tuma kwa mweka hazina". Hapa haiwezekani, hata kama mweka hazina ni malaika. Tangu Agosti 2023, akaunti ya pesa kwa simu ya mtu binafsi nchini Kenya hushika hadi shilingi 500,000, na muamala mmoja haupiti shilingi 250,000. Michango yenu itajaza laini yake kabla ya nusu ya safari. Na hata kabla haijajaa, pesa za kikundi zitakuwa zimechanganyika na kodi yake ya nyumba, karo ya watoto na mikopo yake ya simu. Kuna mikopo inayojilipa yenyewe pesa zikiingia tu kwenye laini. Hapo mchango wako unaweza kulipa deni la mtu mwingine bila yeye kukusudia.

Fanyeni hivi:

Fungueni akaunti ya kikundi, kwenye benki au SACCO, inayohitaji angalau watu wawili kuidhinisha kila pesa inayotoka. Hao wawili wasiwe mtu na mkewe, wala ndugu wa tumbo moja. Si kwamba hatuwaamini. Ni kwamba siku wakikosana na kikundi, watakosana pamoja.

Changeni kwa simu moja kwa moja kwenye akaunti hiyo, kwa kutumia nambari ya biashara ya benki na nambari ya akaunti ya kikundi. Pesa haipitii mkononi mwa mtu, na kila mmoja anabaki na ujumbe wake wa uthibitisho. Usiufute ujumbe huo mpaka mrudi.

Wekeni tarehe moja, tuseme tarehe 5 ya kila mwezi. Kila tarehe 6, mmoja wa waidhinishaji aweke kwenye kikundi taarifa ya akaunti yenyewe, si maneno ya "tuko sawa". Mambo ya "nitatuma kesho, niko kwa mkutano" yaruhusiwe mara moja. Mkikubaliana kwamba anayekosa miezi miwili mfululizo nafasi yake inafunguliwa kwa mwingine, liandikeni mapema, wakati bado hamjui litamwangukia nani.

Na pesa za matumizi yako binafsi, zile 45,000 za bandarini na vinywaji, zisiingie akaunti ya kikundi kabisa. Hifadhi zako mwenyewe. Kikundi kishike tu kile ambacho kikundi kitalipa. Kadiri kapu la pamoja linavyokuwa dogo, ndivyo maswali yanavyopungua.

Viza ikae katikati ya malipo mawili

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hupotea kwa sababu ya mpangilio wa tarehe tu.

Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen kwa Uhispania, Ufaransa, Italia, Malta, Ugiriki na Kroatia. Ada yake kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Lazima uwe na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida huja ndani ya siku 15, lakini linaweza kuchukua hadi siku 45.

Kampuni ya meli nayo ina tarehe zake. Unatoa malipo ya kwanza kushika nafasi, halafu malipo ya kumalizia, mara nyingi kati ya siku 60 na 90 kabla ya meli kuondoka. Ukishamaliza kulipa halafu ukaghairi, sehemu unayorudishiwa hupungua kadiri siku ya safari inavyokaribia, mpaka inafika sifuri.

Kwa hivyo jibu la viza linafaa kufika kabla ya malipo ya kumalizia. Tuseme meli yenu inaondoka tarehe 20 Septemba na kampuni inataka pesa yote siku 90 kabla, yaani tarehe 22 Juni. Dirisha la viza linafunguka takriban tarehe 20 Machi. Mkipeleka maombi tarehe 1 Aprili, hata jibu likichukua siku 45 litakuwa limefika tarehe 16 Mei. Mna zaidi ya mwezi mmoja wa kuamua mkiwa mmekaa, si mkiwa mnakimbia. Mkingoja mpaka Julai kwa sababu "bado ni mapema", mmelipa kila kitu na sasa mnaomba Mungu.

Nafasi za kupeleka maombi hujaa msimu wa safari ukikaribia. Tafuteni miadi mapema.

Mnapeleka kwa ubalozi gani? Kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi mnayoingilia. Kwa meli hii si swali rahisi. Njia yenye Genoa, Civitavecchia na Palermo ina siku tatu za Italia, hata kama mnatua Uhispania. Lakini mkiongeza usiku mmoja au mbili Barcelona, hesabu inageuka. Hesabuni siku kwenye karatasi, kisha mthibitishe na kituo cha maombi kabla ya kulipa. Na kama meli inagusa Uturuki, Tunisia au Montenegro, hizo ziko nje ya Schengen. Mtahitaji viza inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na kuangalia masharti ya nchi hiyo kwa pasipoti ya Kenya.

Kuna kitu watu wa kuchanga husahau. Ubalozi utaangalia akaunti yako wewe, si ya kikundi. Kama kila mwezi umekuwa ukituma 24,000 kwingine, akaunti yako inaweza kuonekana nyembamba kuliko uwezo wako. Beba taarifa ya akaunti ya kikundi, orodha ya michango yako na barua fupi ya waidhinishaji inayoeleza mpango. Usikope laki tatu wiki moja kabla ili akaunti inone. Pesa iliyoingia ghafla bila maelezo inazua maswali kuliko pesa kidogo yenye historia.

Mmoja akibaki, nani analipa?

Kila ombi la viza huamuliwa peke yake. Mnaweza kupeleka karatasi sita siku moja, za watu wa mtaa mmoja, watano wakapata na mmoja akakosa. Anapewa sababu kwa maandishi na anaweza kukata rufaa, lakini meli haingoji rufaa.

Hasara haiishii kwake. Bei ya chumba huhesabiwa kwa watu wawili. Mwenzake wa chumba akibaki peke yake, kampuni inaweza kumtoza nyongeza ya mtu mmoja, na mara nyingine nyongeza hiyo hukaribia bei nzima ya kitanda cha pili. Yaani rafiki aliyepata viza anaadhibiwa kwa sababu ya rafiki aliyenyimwa. Hapo ndipo watu hutoka kwenye kikundi bila kuaga.

Mjadala huu ufanyike kabla ya mchango wa kwanza. Haya ni masharti ya mfano. Badilisheni mtakavyo, mradi yaandikwe na kila mtu ajibu "nimekubali":

Anayejitoa kwa hiari yake anabeba hasara yake yote, pamoja na nyongeza ya mwenzake wa chumba, isipokuwa amepata mtu wa kuchukua nafasi yake na kampuni ikakubali kubadilisha jina.

Anayenyimwa viza, anayefiwa au anayeugua, hasara yake inasaidiwa na mfuko wa dharura. Kwa mfano wetu mfuko huo ni 15,000 mara sita, yaani shilingi 90,000. Hautaziba kila kitu, lakini utazuia mtu mmoja kubeba mzigo wa sita.

Pesa ambayo bado haijalipwa kwa kampuni yoyote inarudi kwa mwenyewe ndani ya siku 14, kwa laini ile ile aliyochangia.

Mfuko ukibaki mzima, unagawanywa sawa mkirudi. Au mle nyama choma nao. Hilo halituhusu.

Na bima? Ile bima ya viza ni ya matibabu. Haikurudishii pesa za meli. Bima ya kughairi safari ni kitu kingine, na nyingi hazilipi kwa sababu ya kunyimwa viza. Muulize muuzaji swali hilo moja kwa moja na akuonyeshe mahali limeandikwa.

Kabla ya kubonyeza "tuma"

Kundi lenye milioni mbili ni windo. Matapeli wanajua kwamba mtu anayechangia ndoto huwa na haraka.

Wakala wa safari nchini anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA. Mwombeni nambari ya leseni na mthibitishe na TRA wenyewe, si kwa picha aliyowatumia. Wengi pia ni wanachama wa chama cha mawakala wa safari, KATA, na hilo nalo linaweza kuulizwa.

Malipo yaende kwa jina la biashara. Jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha likiwa la mtu binafsi, simama. "Akaunti ya ofisi ina shida leo, tuma kwa hii yangu" ni sentensi ya kukufanya uweke simu mfukoni.

Mkishalipa malipo ya kwanza, ombeni nambari ya uhifadhi ya kampuni ya meli yenyewe, kisha mmoja wenu aingie kwenye tovuti ya kampuni hiyo au apige simu aone kama majina yenu sita yapo. Risiti ya wakala peke yake haitoshi.

Hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia viza. Anayesema "viza asilimia mia, ongeza elfu thelathini" anakuuzia kitu ambacho si chake.

Na picha za pasipoti zisizagae kwenye kikundi cha WhatsApp. Kila mtu ampe wakala yake moja kwa moja. Pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na nambari ya simu vikikaa pamoja, mtu anaweza kujaribu kubadilisha laini yako.

Mkiwa baharini

Melini hamlipi kwa noti wala kwa simu. Kila abiria hupewa kadi ya chumba, na kila kinywaji kinaandikwa humo mpaka siku ya mwisho. Kadi hiyo huunganishwa na kadi ya benki, na baadhi ya kampuni hukubali uweke pesa taslimu kwanza. Kila mmoja awe na yake. Mkiunganisha watu wawili kwa kadi moja ya benki kwa sababu "tutasawazisha tukifika Nairobi", mtasawazisha kwa hasira.

Ukitumia kadi ya kutoa pesa zako mwenyewe badala ya kadi ya mkopo, kampuni inaweza kushikilia kiasi fulani kwa siku kadhaa hata kama hujakitumia. Usiweke pesa zako zote za safari kwenye kadi hiyo moja.

Simu ndiyo mtego mkubwa zaidi. Meli ikitoka bandarini, laini yako inaweza kujishikiza kwenye mtandao wa setilaiti wa meli, ambao bei yake ni tofauti kabisa na ya kutumia laini yako ukiwa Italia au Uhispania. Meli ikianza kusogea, weka simu kwenye hali ya ndegeni, kisha uwashe Wi-Fi peke yake ukitaka. Ukifika bandarini, itoe.

Lakini kumbuka benki hutuma nambari ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na ujumbe hauingii simu ikiwa hali ya ndegeni. Malipo yoyote makubwa yafanywe mkiwa bandarini. Kabla ya kuondoka Kenya, washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi, na utuulize ni huduma zipi za pesa zitafanya kazi huko na kwa ada gani. Andika kwenye karatasi nambari yetu ya huduma kwa wateja ikianza na +254. Wezi wa mifukoni wa Barcelona wanajulikana dunia nzima. Simu ikienda, piga kwa simu ya rafiki laini ifungwe saa hiyo hiyo.

La mwisho ni saa. Meli hutangaza saa ya mwisho ya kurudi, kabla ya ile ya kuondoka. Mkienda Roma kwa ziara ya meli yenyewe na basi likichelewa, meli huwasubiri. Mkienda kivyenu kwa treni, bei ni nafuu lakini hatari ni yenu. Ikiondoka, mtaifuata bandari inayofuata kwa nauli yenu. Italia migomo ya treni hutokea, basi acheni saa mbili za ziada.

Wiki hii kwenye kikundi

Kama tangazo liko kwenye simu yako sasa hivi, fanya mambo matatu kabla ya mtu yeyote kutuma shilingi. Weka jumla halisi kwa kila mtu, si bei ya tangazo. Uliza nani watakuwa waidhinishaji wawili. Kisha uliza lile swali gumu: mmoja akinyimwa viza, tunafanyaje?

Kikundi kikishindwa kujibu la tatu, hakijawa tayari kuchanga, na ni bora mjue leo. Kikilijibu, basi mna safari. Anzeni tarehe 5.

Na kama kawaida: hatutawahi kukupigia kukuomba nambari yako ya siri. Ukiwa Kisumu au ukiwa katikati ya Mediterania, jibu ni lile lile. Kata simu.